Vioo vya pikipiki vionyeshe barabara, si viwiko

Mheshimiwa Mhariri,

Wanamotari, yaani waendesha pikipiki za abiria, wengi wao hapa Goma huacha vioo vimeelekea ndani, hata mwendeshaji akaona kiwiko chake na bega la abiria tu, huku lori linalotoka Sake likimkaribia bila yeye kujua. Dawa yake si ghali: kulegeza nati kwa spana, kukigeuza kioo nje mpaka kiwiko kibaki ukingoni, au kufunga kikono kirefu zaidi, kisha kuikaza nati sawasawa, maana njia zetu za mawe ya volkano hulegeza kila kitu. Tena kioo mbinuko, yaani kilichobinuka nje katikati, huonyesha gari kana kwamba liko mbali kuliko lilivyo, kwa hiyo kugeuza shingo kabla ya kukata kona ni lazima. Wanaong'oa vioo kabisa ili wapenye msongamano wa mtaa wa Birere, hao siwaelewi.

Msomaji wenu, Ndosho, Goma