Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2020

Ndugu wanachama, salamu kwenu nyote na poleni kwa mwaka tulioumaliza, poleni zaidi nyinyi mliofiwa maana wengi wenu mlizika na watu wachache tu tena kwa haraka, na sisi wenzenu tukaishia kutuma rambirambi kwa simu. Hilo deni bado tunalo kwenu.

Mambo ya hesabu mweka hazina atayaeleza, mimi niseme tu michango ilishuka na hakuna wa kulaumiwa, watu walipoteza kazi. Mikutano ya ana kwa ana tuliisimamisha mwezi wa tatu, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 kwamba korona imeshakuwa janga la dunia. Tukahamia kwenye simu, kumbe wazee wetu wengi hawana simu janja na wenye nazo hawana bando la kikao cha saa nzima, kwahiyo katibu akawa anawapigia mmoja mmoja kila baada ya kikao kuwaelezea tulichoamua, na kusema kweli wapo waliosema hawajawahi kusikilizwa hivyo hata kabla ya korona. Hii naomba iendelee.

Sasa nije kwenye jambo lililonikosesha usingizi, jinsi tulivyowatendea wagonjwa. Kuna mwenzetu aliugua, akajifungia ndani siku 14 kama alivyoelekezwa, akapona vizuri. Siku anatoka akaenda kurudisha ndoo ya jirani yake aliyokuwa ameazima, jirani akasimama mlangoni akamwambia we kaa nayo tu, mlango ukafungwa. Hawa ni watu walioazimana vitu miaka yote jamani. Watoto wake wakawa wanakimbiwa na wenzao. Na habari ilianzia wapi? Kwenye grupu letu la chama, mtu alitype jina lake na anapokaa akamalizia na neno TAHADHARI, na kabla ya jioni ilishafowadiwa hadi kwa watu wasiomjua kabisa.

Kilichofuata kila mtu amekiona. Waliougua baada yake wakaficha, mtu anakohoa anasema ni mafua tu, vumbi, hali ya hewa, na bado anaenda kwenye shughuli za watu. Mi siwezi kuwalaumu sana maana walishaona mwenzao alichofanyiwa, lakini ndo hapo ugonjwa unapopata njia, kirusi hiki mtu anaweza kumwambukiza mwingine siku moja au mbili kabla hata hajaanza kujisikia vibaya, sasa akificha na baada ya hapo, walio karibu naye watajilindaje? Woga wetu umetuambukiza wengi kuliko tunavyotaka kukubali. Na manesi wetu je, nchi kadhaa watu walitoka kuwapigia makofi kwa kazi yao, na bado tukasikia manesi wanafukuzwa kwenye nyumba za kupanga eti wataleta ugonjwa. Tunao manesi humu chamani, naomba wasisikie hayo kutoka kwetu.

Upande wa pili kulikuwa na waliosema hakuna korona, mara kitunguu saumu kinatibu, mara ugonjwa unaletwa na minara ya 5G, ule mtandao wa simu wenye kasi, Uingereza ilifika mahali watu wanachoma moto minara ya simu. Humu pia habari hizo zilitumwa, tena na watu wazima ninaowaheshimu. Naelewa kwanini watu walichanganyikiwa, mwanzoni tuliambiwa mtu mzima wa afya hana haja ya barakoa alafu mwezi wa sita Shirika la Afya likashauri tuvae za kitambaa sehemu zenye msongamano, mtu akiona hivyo anasema hawa wanabahatisha. Ila ugonjwa ulikuwa mpya, wataalamu walikuwa wanajifunza huku sisi tunaumwa, na ushauri kubadilika wakati ushahidi unabadilika ni jambo la kushukuru. Sabuni nayo wengine waliidharau kwasababu ni ya kila siku, wakati ndo inayovunja utando wa mafuta unaokifunika hicho kirusi, sekunde 20 tu za kusugua mikono.

Vijana waliowapelekea wazee mahitaji na kuyaacha mlangoni, na mafundi walioshona barakoa wakagawa bure, asanteni sana, bila nyie mwaka ungekuwa mbaya zaidi.

Chanjo zimeanza kutolewa tangu Disemba, zitatufikia kwa zamu, na naona maneno yameshaanza. Mwenye swali aulize daktari au nesi kabla hajafowadi chochote.

Kwahiyo kamati inaleta maazimio mawili kwenye kikao kijacho. La kwanza, ni marufuku kutaja jina la mgonjwa kwenye grupu bila yeye mwenyewe kukubali, anayekiuka anatolewa. La pili, mfuko wa dharura uanze kumsaidia mwanachama anayejitenga, maana anayeishi kwa kipato cha siku huwezi kumwambia akae ndani wiki mbili alafu watoto wake wale nini. Najua kuna wanaosema mfuko ni wa misiba tu, mimi nasimama na la pili kwa nguvu zote, tusaidiane mtu akiwa bado hai. Mwenye pingamizi amwandikie katibu kabla ya kikao, na wazee mtapigiwa simu kama kawaida ili nanyi mpige kura.