Msiivuke Kaskazini kwa Siku Moja

Nairobi

Mwanangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mapenzi makubwa, nawe umfikishie salamu mkwe wangu pamoja na majirani zenu wote hapo Moyale, mpakani na Ethiopia, ambao wamewatunza kama watoto wao. Sisi huku hatujambo, na mama yako anasema nisisahau kukuambia kwamba chumba chenu kimekwisha kupakwa rangi.

Ama baada ya salamu, habari kwamba mumeo amehamishiwa Nairobi zimetufurahisha sana, na zaidi tumefurahi kusikia kwamba mtakuja kwa gari lenu wenyewe, vyombo vikitangulia kwa lori. Liko jambo moja tu katika maelezo yako lililonifanya niketi niandike kwa kirefu. Umesema mnakusudia kuondoka Moyale alfajiri na kulala hapa usiku huohuo. Nawaomba, wewe na mumeo, msifanye hivyo.

Najua kwamba linawezekana. Kutoka Moyale hadi Isiolo ni takriban kilomita 500, na kutoka Isiolo hadi Nairobi ni karibu 280 nyingine, zote lami tupu, na mabasi huzimaliza kwa usiku mmoja. Lakini dereva wa basi ameifanya njia ile kuwa kazi yake, naye hupokezana usukani na mwenzake aliyeizoea vilevile. Ninyi mtakuwa wawili ndani ya gari dogo, na giza likiwakuta kati ya Laisamis na Archer's Post mtakutana na ng'ombe na ngamia barabarani, rangi yao ikiwa haina tofauti na vumbi, na taa za gari haziwaonyeshi mpaka mmewakaribia mno. Kuna pia sehemu ndefu ambazo simu haishiki. Hiyo peke yake ingetosha kuwa sababu, ila si hiyo hasa iliyonisukuma kuandika.

Sababu yangu ni kwamba mkipita mbio mtakuwa mmeivuka karibu nusu ya urefu wa nchi yenu bila kuiona. Watu wa huku Nairobi huitaja kaskazini kwa ukame, njaa na wizi wa mifugo, kana kwamba hakuna jingine, nami sitaki mwanangu aliyeishi kule na kula chumvi ya watu wa kule arudi akiwa na maneno hayohayo mdomoni.

Mimi na mama yako tuliisafiri njia hiyo kabla hujazaliwa, nilipohamishwa kutoka shule niliyokuwa nikifundisha hapo Moyale. Wakati huo kutoka Isiolo kwenda juu hapakuwa na lami hata kidogo. Barabara ilikuwa changarawe iliyojikunja mikunjo midogomidogo kama ubao wa kufulia, na ukiendesha polepole gari lilitikisika hadi skrubu zikalegea, ukiendesha kasi mawe yalikata matairi. Magari yalingojana ili yaende kwa msafara chini ya ulinzi wa askari, na mengi yalikuwa malori ya ng'ombe waliokuwa wakipelekwa kuuzwa Nairobi, mifugo ikiwa chini na abiria wamekaa juu kwenye vyuma, wamejifunga vitambaa usoni. Tulitumia siku kadhaa kufanya kile ambacho ninyi mnataka kukifanya kati ya adhana ya alfajiri na saa tatu ya usiku. Lami yote ilikuja kukamilika katika miaka ya 2010, na namshukuru Mungu kwa ajili ya wagonjwa, wanafunzi na wafanyabiashara ambao imewaokoa. Ninachoomba ni kwamba muda mtakaouokoa muutumie hukohuko.

Mkitoka Moyale mtapita karibu na Sololo, milima ya Ethiopia ikiwa mbali upande wa kulia, kisha Turbi, na baada ya hapo mtaingia Dida Galgalu. Punguzeni mwendo. Ni uwanda wa mawe meusi ya volkano uliotandaa hadi upeo wa macho, hauna mti, hauna kilima, na mtu anayeuona kwa mara ya kwanza hudhani kwamba hapo uhai umekoma. Mama yako alitaka tushuke tuuone kwa karibu. Upande wa juu wa mawe ulichoma kiganja, lakini tulipoinua moja tuliona chini yake udongo laini, mbegu za nyasi zilizokusanywa na sisimizi, na mzizi mweupe uliokuwa ukingoja mvua. Wagabra, wafugaji wa huko, wanajua siku ngapi baada ya mvua uwanda ule utakuwa na malisho ya ngamia, na wanajua kisima kipi kitakuwa na maji wakati huo. Maarifa hayo ndiyo yanayowaweka hai mahali ambapo sisi wengine tungehesabu siku zetu kwa vidole.

Marsabit mlale. Ni kama nusu ya njia kati yenu na Isiolo, na nimekwisha kumwuliza rafiki yangu wa zamani anayeishi hapo kama nyumba za wageni bado ni nzuri, akanihakikishia. Mtaona wenyewe jinsi barabara inavyopanda kutoka katika joto lile, ikapita kando ya shimo kubwa la volkano, kisha ghafla mkahitaji sweta. Mlima ule umesimama peke yake katikati ya jangwa, na usiku huvutia ukungu mzito unaoloesha msitu, ndiyo maana asubuhi majani hudondosha maji hata mwaka ambao mvua imekataa. Amkeni mapema mwende katika hifadhi hadi Ziwa Paradise, ambalo liko ndani ya bonde la volkano lililozungukwa na miti. Kama ukame umekuwa mkali mnaweza kulikuta limepungua au limekauka, nanyi nendeni vilevile.

Unakumbuka tembo aliyesimama katika Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi, yule uliyemwogopa ulipokuwa mdogo ukajificha nyuma ya kanga ya mama yako? Huyo ni mfano wa Ahmed, naye alikuwa mwenyeji wa msitu huo wa Marsabit. Meno yake yalikuwa marefu kiasi kwamba mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri maalumu ya kumlinda, akawekewa walinzi usiku na mchana, akaishi hivyo mpaka alipokufa mwaka 1974 kwa uzee wake na si kwa risasi. Sisi wazazi wako tulilipenda jambo hilo kuliko mambo mengi ya siasa za wakati ule. Karibu nusu karne kabla ya amri hiyo, kati ya 1924 na 1927, mume na mke kutoka Marekani, Martin na Osa Johnson, waliishi kando ya ziwa hilohilo wakipiga picha za tembo, na kila walichohitaji kilisafirishwa kutoka Nairobi kupitia nyika ambayo haikuwa na barabara ya kusemwa. Mama yako aliwataja mara nyingi njiani, hasa gari lilipokwama.

Kutoka Marsabit mtashuka tena kwenye joto, mpite Logologo na Laisamis, nyumba za Warendile zikionekana zimefunikwa kwa mikeka na ngozi. Hapo Laisamis, upande wa kulia, mtaona njia iendayo Loiyangalani kwenye Ziwa Turkana. Ilitengenezwa upya, zaidi ya kilomita 200, ili ipitishe mitambo 365 ya upepo ambayo umeme wake unafika hadi huku kwetu. Mtatamani kukunja. Kwa gari lenu lile la chini sishauri. Lile ziwa linastahili safari yake, na gari lenye nguvu zaidi.

Baada ya Laisamis mtafika Merille, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipomfahamu mama yako zaidi kuliko siku ya harusi yetu. Tulikuwa na makubaliano ndani ya gari kwamba yeyote kati yetu akisema tusimame, tunasimama kwanza, maswali yatafuata. Karibu na Merille mwanamke alisimama kando ya njia na mtoto mgongoni, ameinua mtungi wa manjano juu chini, akiutikisa ili wapitao waone kwamba hauna kitu. Malori yaliyotutangulia yalikuwa yamempita. Mama yako akasema tusimame. Tulikuwa na maji ya kutosha, ingawa si ya kuchezea, naye ndiye aliyekuwa mwekaji wa hesabu ya maji yetu. Akashuka akammiminia bila kuniangalia. Yule mwanamke aliziba mdomo wa mtungi kwa kiganja, akalamba matone yaliyobaki mkononi, akampa mtoto kwanza. Kisha akatuambia kwa Kiswahili cha kuungaunga tusiteremke katika laga, yaani mto wa msimu, iliyo mbele, kwa sababu milimani kulikuwa kumenyesha.

Mbingu ilikuwa safi kabisa, mwanangu, na ile laga ilikuwa mchanga mkavu uliojaa nyayo za mbuzi. Mimi niliona kwamba tungevuka kwa dakika chache. Mama yako aliketi juu ya kreti la soda na kusema kwamba yeye anangoja. Tukangoja pamoja na madereva wawili wa malori ambao nao walikuwa wamesikia jambo hilohilo kutoka kwa wachungaji. Tulianza kusikia mngurumo, kisha tukaona vumbi likitangulia, na nyuma ya vumbi ukuta mfupi wa povu la rangi ya kahawia, uliobeba vijiti, samadi na mizizi ya miti. Dakika chache baadaye laga nzima ilikuwa mto, na jiwe lililokuwa usawa wa kifua changu halikuonekana tena. Tulilala ng'ambo ile, madereva wakatupikia ugali, na asubuhi tukavuka. Sasa kuna daraja na hamtangoja mtu. Lakini chukueni maji kuliko mnayohitaji, kwa kuwa mitungi mitupu bado huinuliwa kando ya barabara ile, na msipite.

Sehemu ya kuanzia hapo hadi Archer's Post ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho yangu. Mlima Ololokwe, ambao Wasamburu wanauheshimu kama mahali patakatifu, unasimama wima kama uliokatwa, na mkitulia mtaona punda milia wa Grevy, wale wenye mistari myembamba, ambao wengi wa waliobaki duniani wako katika nchi yetu. Usiku wa pili mlale Archer's Post au Isiolo, mfike jua likiwa bado liko juu.

Mkiingia Isiolo, mkumbuke kwamba hapo palikuwa mlango. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria mwaka 1902, na nyingine mwaka 1934, zilizoifanya kaskazini kuwa eneo lililofungwa, mtu asiingie wala asitoke bila kibali. Baada ya uhuru vikaja vita vya shifta, kati ya serikali na Wasomali waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, tangu 1963 hadi 1967, na tabia ya kumtilia shaka kila atokaye juu ikaendelea miaka mingi. Mimi niliposafiri, askari wa kizuizi cha barabarani waliandika jina langu kwa haraka na kunitakia safari njema, lakini jirani yangu wa Moyale, mwalimu kama mimi, aliulizwa maswali kana kwamba anatoka nchi nyingine. Ndiyo maana wazee wa kule wakisafiri kuja huku husema wanakwenda Kenya. Uliniambia umeyasikia maneno hayo sokoni ukacheka. Sikulaumu, hukuwa umejua yametoka wapi. Leo kinamama wa Isiolo hupakia maziwa ya ngamia kwenye mabasi kila siku yakaja kunywewa hapa Nairobi mtaani Eastleigh, na mji wetu huu unakula nyama iliyotembea kutoka Marsabit na Moyale. Mumeo atakapoanza kazi hapa atasikia mengi kuhusu watu wa kaskazini ofisini. Nataka awe na la kujibu, na awe ameliona kwa macho.

Kutoka Isiolo kuja huku sina mengi. Mtapanda hadi Timau penye mashamba ya ngano na baridi, mtavuka ikweta Nanyuki, mtanunua matunda Karatina kwa sababu mama yako ameagiza, na mkiingia barabara kuu ya Thika, matatu zitawafundisha yaliyobaki.

Kuhusu usukani, pokezaneni kila baada ya saa mbili hata kama mwenye zamu hajachoka. Jazeni mafuta Moyale, Marsabit na Isiolo bila kungoja mshale ushuke. Hakikisheni tairi la akiba lina upepo na jeki inafanya kazi, mjaribu nyumbani kabla ya kupakia. Mkifika mji wowote, waulizeni wenye malori na polisi hali ya njia ya mbele, na wakiwaambia mngoje, ngojeni.

Niandikie siku mtakayoondoka, ili nimpigie simu rafiki yangu wa Marsabit awawekee chumba na atafute mtu wa kuwaongoza hadi ziwani. Mama yako anauliza pia kama mnaweza kumletea kilo mbili za buni kutoka upande wa Ethiopia, ile isiyokaangwa.

Ni mimi baba yako akupendaye.