Kabla hujaisingizia mashine

Baba Asha,

Salamu nyingi, na hongera kwa kufungua kibanda cha kuchomelea vyuma. Barua yako imefika na picha nimeziona. Unasema rodi inaganda kwenye chuma, ukiongeza ampea bomba linatoboka, na jioni mashine inawasha taa ya njano na kugoma. Unauliza kama umeuziwa feki. Huenda, lakini usiisingizie bado. Mashine ni kituo kimoja tu katika safari ya umeme. Umeme unatoka kwenye mita, unapita breka, soketi na ekstensheni, ndipo unaingia kwenye mashine. Ukitoka hapo unapita holda (kishikio cha rodi), rodi na chuma chenyewe, kisha unarudi kwa klampu, ile koleo inayobana chuma. Ifuate njia hiyo kuanzia mwanzo, na kitufe cha ampea kiwe cha mwisho kuguswa.

Anza na soketi. Plagi yako ya pini tatu bapa ni ya ampea 13. Ukichomelea kwa ampea 80 na rodi ya milimita 2.5, mashine ndogo ya kielektroniki (inveta) kama hiyo inavuta ukutani ampea 14 au 15. Kwa vipande vifupi vifupi plagi itavumilia. Ukipanda rodi ya 3.2 kwa ampea 120, unavuta zaidi ya 20, na hapo plagi inachemka, plastiki inalainika, pini zinaanza kulegea ndani ya tundu. Pini ikilegea inatoa joto zaidi, na moto wa kibanda huanzia hapo. Tafuta fundi umeme mwenye leseni akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye meni swichi: waya wa milimita 4 za mraba, breka ya ampea 32, na soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 32. Usikubali akuongezee breka kubwa juu ya waya uleule mwembamba wa soketi za nyumba. Breka inaulinda waya. Ukiweka breka kubwa kuliko waya, waya ndio unageuka fyuzi.

Ekstensheni ndiyo ninayoishuku zaidi. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba wenye urefu wa mita 30, ukivuta ampea 20, unakula karibu volti 15 njiani. Wa 2.5 unakula kama 9, na wa 4 haufiki 6. Sasa piga hesabu ya jioni, mtaa mzima umewasha taa na pasi, volti zimeshuka hadi 205. Toa 15 zilizoliwa na waya, unabaki na 190. Mashine nyingi za volti 230 zimeundwa kuvumilia upungufu wa asilimia 15, yaani hadi volti 195 hivi. Chini ya hapo inajikinga na kuwasha taa, na ina haki. Chukua mita ya kupimia volti, pima kwenye tundu la pili la ekstensheni wakati mwenzako anachomelea. Ukipima mashine ikiwa imetulia, utaona volti nzuri na utadanganyika. Tena ekstensheni ya kuzungushia kwenye gurudumu ifungue yote, hata kama unahitaji mita tano tu. Iliyobaki imejiviringisha hupata joto mpaka ganda linayeyuka.

Kuhusu jenereta uliyosema utaazima: ile ndogo ya kVA 2.5 iache iwashe taa. Kwa rodi ya 2.5 tafuta isiyopungua kVA 5, na kwa 3.2 iwe 6.5 kwenda juu, yenye kidhibiti volti kinachofanya kazi. Iwashe kwanza, itulie, ndipo uwashe mashine. Ukimaliza, zima mashine kabla ya jenereta, maana jenereta inayokata roho hupandisha na kushusha volti, na mikupuo hiyo ndiyo huua inveta.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hulichanganya kwa sababu ya jina. Ile klampu tunaiita ethi, lakini si ethi. Ethi halisi ni waya wa kijani na njano unaotoka kwenye ganda la mashine, unapita pini ndefu ya plagi, hadi kwenye fito iliyozikwa ardhini. Kazi yake ni kukuokoa ganda likishika umeme. Klampu ni njia ya kurudia: ampea zote 80 zilizotoka kwenye rodi lazima zirudi kupitia hapo. Kwa hiyo usikate pini ndefu kwa kujiambia kwamba ethi unayo kwenye klampu. Na klampu ikishika vibaya, umeme utatafuta njia nyingine, kupitia beringi, mnyororo wa winchi, hata waya wa ethi wa nyumba. Sugua chuma kwa grainda au brashi ya waya mpaka king'ae, bana hapo hapo, karibu na unapochomelea. Kwenye picha yako klampu imebana juu ya rangi ya kuzuia kutu. Nusu ya kuganda kwa rodi nadhani inatoka pale.

Soma kibandiko cha nyuma, siyo namba kubwa iliyochorwa ubavuni. Tafuta herufi X. Kama chini yake pameandikwa asilimia 40 na ampea 160, maana yake kwa ampea 160, katika kila dakika 10 uchomelee 4 na kuiacha ipumue 6. Kwa ampea 80 itakwenda muda mrefu zaidi. Taa ya njano ikiwaka kwa sababu ya joto, usizime swichi. Iache feni izunguke mpaka taa izime yenyewe. Ona pia herufi IP: 21S maana yake haina kinga ya mvua ya upepo, basi isilale nje chini ya turubai linalovuja.

Nyaya za mbele zina plagi za kusukuma na kuzungusha. Ingiza kichwa kikiwa kimelenga mfereji wake, zungusha kulia mpaka kikaze kabisa. Kikilegea kidogo tu, kinaunguza soketi ya mashine, na kuibadilisha si kazi ya shilingi mbili. Kwa rodi ya kawaida, ile E6013, na mabomba membamba, weka holda kwenye tundu lenye alama ya kutoa (−) na klampu kwenye la kujumlisha (+). Joto haliingii sana ndani na bomba halitoboki upesi. Ukipata kazi ya kubeba uzito ukatumia E7018, geuza: holda kwenye kujumlisha. Pakiti ya rodi huandikwa, isome.

Sasa ampea. Rodi ya 2.0 inakwenda 40 hadi 60, ya 2.5 inakwenda 60 hadi 90, ya 3.2 inakwenda 90 hadi 130. Bomba la mraba la geti lenye unene wa milimita 1.2 au 1.5 unalichoma na rodi ya 2.5 kwa ampea 80, lazima litoboke. Chukua 2.0, weka 50, choma mishono mifupi ya sentimita mbili, hamia upande wa pili, kisha rudi. Hivyo geti halipindi. Chuma cha pembe cha 40 kwa 40 chenye unene wa milimita 4 kipe rodi ya 2.5 na ampea 80 au 85. Bamba la milimita 6 lipe 3.2 na 110 hadi 120, ukiwa umelichonga ukingo ili moto ufike chini.

Washa rodi kwa kuikwaruza kama njiti ya kiberiti, inyanyue kidogo, kisha ishushe mpaka nafasi kati ya ncha na chuma ilingane na unene wa rodi. Kutoka wima, ilaze nyuzi 10 hadi 20 kuelekea unakokwenda mkono, na uivute. Usiisukume, ukiisukuma magamba (uchafu wa ganda la rodi lililoyeyuka) yanatangulia na kufungiwa ndani ya mshono. Usiangalie mwanga. Angalia ule mduara mwekundu wa chuma kilichoyeyuka nyuma ya ncha, na ukingo wake ulivyoshika pande zote mbili. Moto ukiwa sawa unasikika kama dagaa kwenye mafuta, mfululizo. Ukisikia mlio wa kukatika katika, uko mbali au umeme umepungua. Rodi ikiganda, izungushe ubavuni; ikikataa, bana holda uiachie, na kofia usiivue kwanza.

Mshono wenyewe utakuambia. Ukikaa juu ya chuma kama kamba iliyolazwa, ampea ni chache au umekimbia. Ukiona mfereji umechimbika pembeni mwa mshono, ampea ni nyingi au ncha iko mbali. Vitundu vidogo vidogo ni unyevu, rangi, grisi au upepo. Unyevu ndio utakusumbua zaidi huko pwani. Rodi zilizobaki zitie ndani ya bomba la plastiki lenye vifuniko pande zote. E6013 zikinyonya unyevu zikaushe saa moja kwenye nyuzi joto 100 hadi 120. E7018 zinataka nyuzi 300 na zaidi, hivyo nunua pakiti ndogo, fungua siku ya kazi.

Nije kwenye mwili wako. Kijana wako kwenye picha ya tatu amevaa miwani ya jua na kandambili. Miwani ya jua haitoshi kumkinga: inapunguza mwanga kidogo, jicho linatanuka, miale inaingia kutoka pembeni. Maumivu huja baada ya saa kadhaa, usiku, kama mchanga machoni. Yakimpata, asiwekewe maziwa wala kipande cha kiazi, aende hospitali. Kioo kiwe namba 10 kwa rodi ya 2.5, namba 11 kwa 3.2. Kama kofia ni ile inayojifunga yenyewe, kila asubuhi ielekeze kwenye jua kali kabla hujaivaa: kioo kisipogeuka cheusi, betri imekwisha au sensa imechafuka. Tundika turubai upande wa barabara, watoto wanapenda kuangalia.

Nguo ziwe za pamba au jinzi nzito, mikono mirefu, shingo imefungwa, suruali ishuke nje ya buti, mifuko isiwe na kiberiti cha gesi. Polista huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Glavu za ngozi ziwe kavu. Mashine ikiwa imewashwa lakini huchomi, kati ya holda na klampu kuna volti 60 hadi 80, na mtu aliyelowa jasho, amekaa juu ya chuma, zinamtosha kumuumiza. Usibadilishe rodi kwa mkono mtupu, usizungushe waya mwilini, usichovye holda kwenye ndoo ili ipoe. Chini kukiwa na maji, simama juu ya ubao mkavu, na mvua ikianza kazi iishe.

Maziwa wanayokunywa mafundi baada ya kazi ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni, na moshi uko kwenye mapafu. Dawa ya moshi ni kutouvuta: fanyia kazi nje, upepo ukutoke ubavuni, kichwa kisiwe juu ya moshi. Mabomba ya maji yaliyopakwa zinki yasugue zinki yote sentimita tano kila upande wa kiungo. Moshi wake mweupe huleta homa na baridi jioni ile, mtu akadhani ni malaria.

Bodaboda watakuja wengi na fremu zilizopasuka. Kwanza toa tangi la petroli, lipeleke mbali, zaidi ya mita 10. Fungua nyaya za betri. Bana klampu kwenye fremu hiyohiyo, karibu na ufa, umeme usipite kwenye beringi za gurudumu. Akija mtu na pipa la mafuta au tangi, hata akikuapia limeoshwa, mrudishe. Mvuke uliojificha kwenye mikunjo ya pipa unatosha kulipua. Weka ndoo ya mchanga karibu, ondoa maranda na makatoni, na ukimaliza kaa nusu saa nyingine hapohapo. Cheche hulala kwenye takataka, moto ukaamka watu wamekwenda kula.

La mwisho ni grainda. Umeliweka karibu na mashine, na cheche zake zinakwenda upande wa feni. Zile cheche ni unga wa chuma. Feni inauvuta ndani, unakaa juu ya bodi, siku ya unyevunyevu unaunganisha njia mbili zisizotakiwa kukutana, mashine inalia paa na kufa. Isogeze mashine mita tatu, upande upepo unakotoka. Kila mwezi chomoa plagi, subiri dakika 10 umeme uliobaki ndani upungue, kisha ipulize kwa hewa kavu ya kompresa bila kuifungua, ukisimama mbali kidogo ili usivunje mapanga ya feni.

Ukishabadilisha ekstensheni na kusugua pa kubania klampu, chukua vipande viwili vya flati baa ya milimita 4, vichomelee pembe upande mmoja tu, bana kimoja kwenye jiliwa na ukipige kingine kwa nyundo kuelekea upande wa mshono mpaka kijikunje au kivunjike. Kikivunjika, piga picha palipovunjika kwa karibu, nataka kuona kama kuna magamba meusi ndani. Nitumie pamoja na picha ya kibandiko na volti ulizopima jioni, ndipo tuseme kama mashine ni feki.

Msalimie mama Asha na watoto.

Ni mimi swahiba wako,
wa Tanga