Kaka, ile sukari ya arobaini ya bibi mi sijaisahau

Shikamoo kaka. Nakuandikia hapa kwa vile meseji hujibu, na simu ukiona ni mimi unampa shemeji apokee.

Najua utasema yameshapita, Fei Toto, yule kiungo wetu wa Yanga, kaenda zake Azam tangu Juni 2023, huyu anafukua nini. Ila kwenye mkataba mi sikuwahi kukubishia. Desemba 2022 dogo kaweka milioni 112 kwenye akaunti ya klabu, mia ya kuvunja mkataba na 12 mishahara ya miezi mitatu, Yanga wakazirudisha, kamati ya TFF, shirikisho la soka, ikasema bado mchezaji wao, akaomba mapitio akagonga mwamba. Sawa. Ila mama yake alivyosema mwanawe alikuwa anakula ugali na sukari, hapo mkaacha sheria mkahamia kwa mzazi wa mtu.

Na wewe ukaileta mpaka nyumbani. Jioni ile ya arobaini ya bibi wageni washaondoka, tumebaki wenyewe na ugali na dagaa, ukaagiza kopo la sukari ukamwagia tonge, simu inarekodi, watu wanacheka mpaka wanapaliwa. Mama mkubwa kasimama mlangoni na upawa wake. Huyo huyo aliyetulisha ugali na chai ya rangi baba alipofariki, na wewe kaka ulikuwa unaniachia ukoko, unasema umeshiba. Akaingia ndani hakutoka tena. Klipu ukaiweka status.

Halafu msaliti niwe mimi, kisa nilichangia Fei alivyoomba hela ya kwenda CAS, ile mahakama ya kimataifa ya michezo. Nilichanga na kadi ya Yanga ninayo mfukoni, maana mtu akishindwa kufika mbele ya jaji kwa kukosa hela hiyo sio haki, hata kama kesi angeipoteza. Wewe ulivyoacha ile kazi mkataba haujaisha nani alizunguka kukutafutia wakili? Hakuna aliyekuita msaliti. Hata Rais Samia alivyowaalika Yanga Ikulu aliwaomba wamalizane na kijana, siku chache tu wakamalizana, kwa hiyo ilikuwa inawezekana muda wote ule mnaotukana.

Group la familia nilitoka kwa ajili ya ile klipu, sio kwa ajili ya Fei, na wadogo zetu uwaambie hivyo hivyo. Mpigie mama mkubwa. Hajakusema vibaya hata siku moja, anaulizia tu kifua chako. Ukishampigia, uniadd.