Isaka akicheza na Rebeka

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mahubiri ya ndoa, ambayo nimeyasikiliza kwa miaka mingi nikiwa muumini wa kawaida, na sasa nikiwa mmoja wa wazee wa kanisa wanaoketi na wachumba kabla ya siku yao. Mahubiri hayo hupita njia ileile: bibi harusi huambiwa atii, bwana harusi huambiwa atunze, kisha wote wawili huombewa watoto. Hayo yote yana msingi katika Maandiko na siyapingi. Kinachonisumbua ni kwamba ni nadra mno kuwasikia wakiambiwa wawe marafiki.

Najua sura ya kwanza ya Mwanzo imesema zaeni mkaongezeke. Lakini sura ya pili, inapotusimulia jinsi mwanamke alivyoumbwa, inaanza na upweke: "Si vema huyo mtu awe peke yake, nitamfanyia msaidizi wa kufanana naye." Wengi wetu hulisoma neno msaidizi kana kwamba limeandikwa mtumishi, na maneno "wa kufanana naye" tunayameza. Neno la Kiebrania lililotumika hapo ni ezer, na ndilo hilohilo analolitumia mtunga Zaburi ya 121 anapoinua macho yake milimani na kukiri kwamba msaada wake u katika Bwana. Sijapata kumsikia mhubiri akidai kuwa Mungu ni mdogo kwa mwanadamu kwa sababu ni msaada wake.

Ipo habari nyingine ambayo sijaisikia ikisomwa katika ibada ya ndoa hata mara moja. Katika Mwanzo 26, Isaka kwa hofu ya kuuawa anawaambia watu wa Gerari kwamba Rebeka ni dada yake. Siku moja mfalme Abimeleki anachungulia dirishani, anamwona Isaka akicheza na Rebeka, na papo hapo anajua kuwa huyu ni mkewe. Hakuhitaji cheti wala shahidi. Sasa geuza ukurasa hadi sura ya 27, uone watu hao hao walivyokuwa uzeeni: Isaka ana neno la maana kuhusu baraka ya nyumba yake, analisema kwa Esau peke yake, na Rebeka analipata kwa kusikiliza tu. Yeye naye hamwendei mumewe. Anamwita Yakobo na kupanga hila. Kila mzazi alikuwa na mwanawe, na wawili waliokuwa wakicheza wakawa hawaambiani kitu.

Nayasema haya kwa sababu yamenigusa mwenyewe. Watoto wetu walipokuwa wadogo, mimi na mke wangu tuliongea kila siku, lakini tuliongea kuhusu ada, bomba linalovuja na nani atampeleka nani hospitali. Jioni aliyoondoka kitinda mimba tuliketi mezani sisi wawili, nikatafuta la kumwambia mwanamke niliyeishi naye zaidi ya miaka 20, nikaishia kumwuliza kama amefunga mlango. Alikuwa ameufunga. Ilituchukua muda mrefu kujifunza upya kuzungumza, na mwanzoni ilikuwa aibu, kama ilivyo kwa wachumba.

Wapo watakaosema kwamba urafiki ni kamba nyepesi mno kufungia ndoa, kwani rafiki huachwa na agano haliachwi. Nabii Malaki hakuona mgongano huo: anapowakemea wanaume waliowatendea wake zao kwa hiana, anamwita mke "mwenzako, na mke wa agano lako," yote mawili kwa pumzi moja. Na wanaokimbilia Waefeso 5:22 kuhusu utii wangefanya vema kuanzia mstari ulio juu yake, unaowataka waumini wote wanyenyekeane, kabla ya kufika ule wa 25 unaomtaka mume ajitoe kama Kristo alivyojitoa.

Wala fundisho hili si la juzi. Kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1549 kilitaja sababu tatu za ndoa, na ya tatu ni ushirika, msaada na faraja ambayo mmoja hupata kwa mwenzake, katika raha na katika dhiki. Kwa Wakatoliki, sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliweka kuzaa na kulea kuwa lengo la kwanza na kusaidiana kuwa la pili. Ile ya mwaka 1983 inataja manufaa ya mume na mke pamoja na watoto, bila kupanga cheo.

Siku hizi, nikiketi na wachumba, huwauliza ni nini kiliwachekesha pamoja mara ya mwisho. Wengine hujibu kabla sijamaliza swali, wakikatizana kauli. Wengine hutazamana, kisha hunitazama mimi. Kwa ajili ya hao wa pili nawaomba viongozi wetu watupe kikao kizima, badala ya dakika zinazosalia baada ya kujaza fomu.

Mzee wa kanisa,
Msomaji wako