Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maji Mazito ya Kilindini katika Modeli za Bahari

Ndugu Wanachama,

Mwaka tunaoufunga tuliutumia karibu wote kwa jambo moja, nalo ni namna modeli zetu, yaani programu za kompyuta zinazoiga bahari, zinavyoyashusha maji baridi na mazito (yenye uzito mkubwa kwa ujazo ule ule) kutoka kwenye vizingiti, yaani miinuko ya chini ya bahari, hadi kilindini. Masuala ya fedha yamo katika taarifa ya mweka hazina, kwa hiyo sitayarudia.

Katika mlango-bahari wa Denmark, kati ya Greenland na Iceland, takriban mita za ujazo milioni 3 za maji mazito huvuka kizingiti kila sekunde, kisha huporomoka hadi kina kinachozidi mita 2,000. Njiani huyavuta maji mepesi yaliyo juu yake na kuchanganyika nayo, hata wingi wake hukaribia kuwa maradufu, na ni mchanganyiko huo unaovijaza vilindi vya Atlantiki ya Kaskazini. Mkondo wenyewe una unene wa mita mia moja au mia mbili na upana wa makumi ya kilomita, ilhali kisanduku kimoja cha gridi (mtandao wa visanduku ambamo modeli huigawa bahari) katika modeli nyingi za tabianchi kina upana wa kama kilomita 100, hivyo mkondo hupotea ndani yake.

Modeli zinazoigawa bahari kwa matabaka ya ulalo huugeuza mteremko kuwa ngazi. Maji mazito yanaposhuka kidato kimoja hujikuta juu ya maji mepesi, na programu huyachanganya papo hapo, hivyo yanapofika chini yamekwisha kupoteza uzito kwa sababu ya umbo la gridi, wala si kwa sababu ya fizikia. Watafiti Winton, Hallberg na Gnanadesikan walionyesha mwaka 1998 kwamba kasoro hiyo huondoka pale tu unene wa tabaka unapopunguzwa hadi mita 30 au 50 na upana wa kisanduku hadi kilomita 3 au 5, gharama ambayo wengi wetu hatuwezi kuibeba kwa uigaji wa karne nyingi. Modeli zinazofuata matabaka ya uzito wa maji zina kasoro ya upande wa pili: mchanganyiko usipoongezwa kwa makusudi, maji hufika chini yakiwa mazito kupita kiasi. Hata hivyo mimi naziona bora, kwa kuwa mchanganyiko uliowekwa kwa fomula iliyo wazi unaweza kuhojiwa, na ule unaozalishwa na gridi hujificha.

Jambo hilo tulilionja wenyewe. Modeli mojawapo katika majaribio yetu ilipata kiasi sahihi cha maji kizingitini, tukaipongeza. Tulipopima chini ya mteremko tukakuta maji yamekuwa mepesi na yenye joto mno. Nasikitika kwamba tulichelewa kupima huko. Kamati imeazimia kwamba kuanzia sasa kila ulinganisho unaowasilishwa chamani uonyeshe joto, chumvi na uzito wa maji katika kizingiti na pia chini ya mteremko.

Mwaka ujao tutaanza na mlango-bahari wa Gibraltar, kati ya Hispania na Moroko, ambako maji ya chumvi ya Mediterania huvuka kizingiti chenye kina cha mita 300 hivi, yakachanganyika upesi na kutulia kwenye kina cha kama mita 1,000 bila kufika sakafuni. Wanachama wenye uigaji wa eneo hilo wanaombwa kuuwasilisha kwa katibu, ukiwa na maelezo ya gridi na fomula ya mchanganyiko iliyotumika.