Binamu, samaki walikuwepo. Nilikupeleka wakati mbaya

Binamu yangu,

Naiandika hii hapa wazi kwa sababu kwa simu nikitaja tu ziwa unageuza stori, halafu najua kuna wengine wengi waliofika huku jimbo la Washington, Marekani, kama wewe, wakaenda kuvua siku moja, wakarudi mikono mitupu na kusema haya mambo ni ya wazungu. Wewe ulisema hivyo hivyo Julai. Tulikaa pale Angle Lake kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa, jua linawaka, watoto wanaogelea hadi karibu na mishipi yetu, na hatukuguswa hata mara moja. Ukafunga fimbo yako ukaniambia hapa hakuna samaki. Nikanyamaza, na kumbe nilitakiwa niseme siku hiyo hiyo kwamba kosa ni langu.

Trauti ni samaki wa maji baridi, na hilo wewe mtu wa Nyeri unalijua kuliko wengi. Ule mto Gura unaoteremka kutoka Aberdare, ukitia mguu dakika mbili tu huusikii tena, na ndio maana yule mlowezi Ewart Grogan alipoleta trauti Kenya mwaka 1905 aliwaweka mle. Sasa ziwa wakati wa joto linajigawa, maji ya moto yanabaki juu, ya baridi yanakaa chini, na hayachanganyiki. Juu kukifika digrii 20 na kupanda, trauti anateremka kwenye baridi yake, mbali kabisa na wewe uliyesimama ukingoni, mwenye boti ndiye anamfikia. Mimi nikakuleta Julai, saa sita ya mchana, bila boti. Ungepata nini?

Njoo sasa, Oktoba. Nyumbani ukisema vuli watu wanafikiria mvua, huku vuli ni majani kugeuka manjano na kudondoka, lakini miezi ni ile ile na mvua nayo haikosekani. Usiku umeanza kuwa baridi, maji ya juu yanapoa, yakipoa yanakuwa mazito yanazama, basi ziwa linaanza kujichanganya kidogo kidogo na trauti hana tena sababu ya kukaa kule chini. Anapanda, anakuja kando kutafuta chakula. Ni wakati ambao mtu asiye na boti anavua vizuri tu, na sisi hatuna boti.

Jumamosi iliyopita nilienda peke yangu. Niliteremka basi la A pale International Boulevard kukiwa bado na giza giza, nikaingia mle paki, hakuna mtoto, hakuna muziki, mzee mmoja tu kwenye gati la kuvulia na ndege zikinguruma kuelekea uwanja wa Sea-Tac. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Nikarusha, nikaegemeza fimbo, nikamimina chai. Mara ncha ikagonga mara mbili, tik tik, kama mtu anayebisha hodi akiogopa kuamsha watu. Zamani ningevuta hapo hapo nikampoteza. Nikangoja. Mshipi ukalegea kidogo halafu ukaanza kutembea wenyewe kuelekea kulia, pole pole, matone yakidondoka kutoka kwenye uzi, nikainua fimbo na nikamsikia yuko pale, mzito, anatikisa kichwa. Aliruka mara mbili. Nilipomleta kando nikalowesha mikono kwanza, nikamshika, na ule mstari wa waridi ubavuni ulikuwa unang'aa kabisa kwenye ile mwanga hafifu ya asubuhi, na madoadoa meusi hadi mkiani. Nilikuwaza wewe hapo. Nilitamani ungekuwa umesimama pembeni yangu.

Na unajua huyu wa mstari wa waridi, wanamwita trauti wa upinde wa mvua, asili yake ni huku, mito inayoingia Pasifiki. Hata waliopo mito ya kwetu mlimani, ukifuata ukoo wao nyuma unaishia pande hizi. Sijui kwa nini jambo hilo linanipa raha hivyo, lakini linanipa.

Sasa vifaa. Ile namna tulivyofunga Julai isahau, chambo chetu kilikuwa kimelala chini kwenye matope na majani, nani angekiona. Unapitisha mshipi kwenye risasi ndogo yenye tundu, ule uzito wa kuzamisha, ili iteleze, chini yake unafunga kipete cha kuizuia, halafu kipande kingine cha mshipi mwembamba zaidi, sentimita 45 hadi 60, ndoana ndogo mwishoni. Chambo ni ule unga laini wa PowerBait, unaufinyanga kama njegere ufunike ndoana yote. Unaelea. Risasi inakaa chini, chambo kinasimama juu ya yale majani, na samaki akivuta mshipi unateleza ndani ya risasi bila yeye kuhisi uzito. Kabla ya kurusha mbali, kidumbukize hapo miguuni uone kama kinaelea, kama kinazama ongeza unga. Na usitumie nguvu zote kama Julai, asubuhi hizi mimi narusha mita 15, 20, inatosha.

Leseni yako usinunue nyingine tafadhali. Ile ya mwaka uliyolipia bado inafanya kazi mpaka Machi 31, itafute tu kwenye yale makaratasi yako uje nayo. Kwa ziwa mwisho ni trauti 5 kwa siku, na ukivua kwa chambo kila unayemtoa anahesabiwa hata ukimrudisha majini, kwa hiyo akitimia wa tano tunafunga tunaenda. Mimi hilo nalishika sana. Sisi ni wageni, na hata tungekuwa wenyeji, ziwa ni la watu wote.

Najua kazini wamekupunguzia masaa, na najua wikendi unashinda ndani mapazia yamefungwa. Mama yako aliniuliza unaendeleaje nikamwambia uko poa. Sikupenda kumwambia hivyo. Miezi yangu ya kwanza huku nilikaa hivyo hivyo, na kilichonitoa nje ni mtu kunigongea mlango na fimbo mbili mkononi, hakuniuliza maswali, akasema tu vaa viatu.

Kwa hiyo Jumamosi nakuja kwako saa kumi na mbili kasorobo, tupande basi pamoja, tufike kabla jua halijatoka. Vaa lile koti la mvua na soksi mbili. Chai nabeba mimi, unga wa ugali ninao, sukuma utanunua wewe jioni ya Ijumaa. Trauti hana haja ya kuparwa magamba, tunatoa matumbo tu, chumvi, limau, tangawizi, kikaangoni. Nimemweka mmoja kwenye friza tayari, ikiwa samaki hawatakula chambo, ili usirudi tena bila samaki.